Kufuatilia kampuni ya madini adimu: soma fedha kwanza, habari baadaye

Mei 2025 Shenghe Resources ya China ilitoa ofa ya kuinunua Peak Rare Earths, kampuni ya Australia iliyokuwa na asilimia 84 ya mradi wa madini adimu (rare earths) wa Ngualla mkoani Songwe. Ofa ilikuwa dola za Australia milioni 150.5. Upembuzi yakinifu uliosasishwa Oktoba 2022 ulikadiria kuwa kujenga mgodi huo kungehitaji kama dola za Marekani milioni 320. Na kabla ofa haijatangazwa, kampuni nzima sokoni ilikuwa na thamani isiyofika nusu ya ofa yenyewe.

Ziweke namba hizo tatu pamoja. Mwanahisa mdogo wa kampuni ya aina hii ana swali moja la kuuliza kila robo mwaka: fedha za kujenga zitatoka kwa nani, na huyo mtu atataka nini? Ubora wa mwamba ni swali la pili. Ngualla ni mwamba mzuri, na bado waliohesabu tani bila kuhesabu fedha walishangaa.

Mwongozo huu ni kwa anayenunua hisa hizi kupitia dalali wa nje, kwa sababu hutazikuta kwenye soko la Dar es Salaam wala Nairobi. Ziko Sydney (ASX), London, Toronto na New York. Kama unaishi Tanzania, ulizia benki yako kwanza masharti ya kupeleka mtaji nje ya Afrika Mashariki na SADC; hilo ni jambo la kanuni za fedha za kigeni, si la dalali. Mkenya na aliyeko Ughaibuni wana njia rahisi zaidi.

Vyanzo na jedwali

Taarifa zote muhimu ni za bure. Kampuni za ASX huweka matangazo yao kwenye tovuti ya soko, za London kwenye mfumo wa RNS, za Canada kwenye SEDAR+, za Marekani kwenye EDGAR. Jiandikishe barua pepe ya kampuni ukitaka, lakini soma tangazo lenyewe, usiishie kwenye muhtasari wa mtu mtandaoni. Muhtasari huacha kurasa za mwisho, na masharti hukaa kurasa za mwisho.

Fungua jedwali moja la kompyuta kwa kila kampuni, mstari mmoja kwa kila robo mwaka. Safu zake: fedha taslimu mwisho wa robo, matumizi ya robo, idadi ya hisa zilizotolewa, haki za kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa (options) ambazo hazijatumika, deni, bei ya hisa siku hiyo, na hatua zilizoahidiwa. Safu ya ahadi igawe mara mbili: tarehe iliyotajwa mara ya kwanza na tarehe inayotajwa sasa. Hiyo ya kwanza usiifute kamwe. Menejimenti inaposema "tuko ndani ya ratiba", huwa inazungumzia ratiba ya mwisho kutolewa, si ile uliyonunulia hisa.

Fomu 5B, karatasi yenye ukweli mwingi kuliko picha

Kampuni ya utafutaji au ujenzi wa mgodi iliyo ASX hutoa ripoti ya robo mwaka ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kwisha, yaani kufikia mwisho wa Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Nyuma ya picha za mitambo ya kuchoronga kuna fomu iitwayo Appendix 5B. Anzia hapo.

Kipengele 4.6 kinaonyesha fedha taslimu zilizobaki. Kipengele 6 kinaonyesha malipo kwa wakurugenzi na watu wao wa karibu. Kipengele 8 ndicho kinachojibu swali la msingi: 8.1 ni fedha zilizotoka kwenye shughuli za kawaida, 8.2 ni gharama za utafutaji na tathmini zilizowekwa kwenye mtaji, 8.3 ni jumla yake, 8.6 ni fedha zote zinazopatikana, na 8.7 ni robo ngapi fedha hizo zitadumu.

Chukua kampuni ya mfano. Imetumia milioni 1.2 kwenye shughuli za kawaida na milioni 1.8 kwenye tathmini. Jumla milioni 3.0. Benki ina milioni 5.1. Gawanya: robo 1.7. Ikishuka chini ya robo 2, kampuni inalazimika kujibu maswali ya kipengele 8.8: je, itaendelea kutumia kwa kiwango hiki, imechukua hatua gani kupata fedha, na inategemea nini kuendelea na kazi. Ukisoma "kampuni ina imani kuwa itaweza kupata mtaji inapohitajika", tafsiri yake ni kwamba hisa mpya ziko njiani, mara nyingi kabla ya ripoti ijayo.

Kuna mitego miwili hapa. Kwanza, 8.2 hubeba gharama za utafutaji na tathmini tu. Kampuni ikianza kununua mitambo na kujenga, gharama hizo hukaa 2.1(c), na hazimo kwenye hesabu ya 8.7. Kampuni inaweza kuonyesha robo 6 za uhai huku ujenzi ukimaliza fedha zote kwa robo 2. Jumlisha 2.1(c) mwenyewe kisha ugawanye upya. Pili, robo yenye matumizi madogo isikufurahishe haraka. Huenda wakandarasi hawajalipwa. Angalia madeni ya wauzaji kwenye hesabu za nusu mwaka. Yakiwa yamepanda, fedha "iliyookolewa" si ya kampuni.

London hakuna fomu ya namna hii. Una hesabu za nusu mwaka na za mwaka tu, kwa hiyo kati ya hapo inabidi ukadirie kwa matumizi ya mwezi. Canada kwa kawaida hutoa hesabu kila robo, na kampuni ndogo za TSX Venture zina siku 60 baada ya robo kwisha.

Hisa mpya zinavyokula kipande chako

Hapa ndipo wengi hupoteza, tena bila mradi kuharibika.

Tuseme kampuni ina hisa milioni 400 kwa senti 20, thamani ya soko milioni 80. Mgodi unahitaji milioni 400. Wakopeshaji wako tayari kutoa asilimia 60, kwa hiyo milioni 160 lazima itoke kwa wanahisa. Hisa za kuchangisha mtaji huuzwa kwa punguzo, tuseme senti 16. Milioni 160 gawa kwa senti 16 ni hisa mpya bilioni 1. Sasa ziko milioni 1,400. Ulikuwa na hisa 20,000. Kipande chako kimeshuka kutoka asilimia 0.005 hadi 0.0014.

Peleka hesabu hiyo kwenye ile namba wanayoipenda kwenye mawasilisho, NPV, yaani thamani ya leo ya faida za miaka yote ya mgodi. Waseme ni milioni 700. Mtu mwenye haraka hugawa 700 kwa hisa 400 na kupata 1.75 kwa kila hisa, kisha anaona senti 20 ni bei ya kutupa. Ondoa kwanza sehemu isiyo yenu: Tanzania, sheria ya madini baada ya marekebisho ya 2017 huipa serikali si chini ya asilimia 16 bila kuchangia mtaji, na hisa hizo hazipunguzwi hata mtaji mpya ukiingia. Inabaki 588. Gawa kwa hisa 1,400, si 400. Unapata 0.42. Bado haujaweka haki za kununua hisa za wakurugenzi, kodi za miaka ya mbele, wala ucheleweshaji. Hisa bado inaweza kuwa na faida, lakini si ile ya mara tisa uliyoahidiwa.

Ufuatilie uwezo wa kampuni wa kutoa hisa bila kukuuliza. ASX inaruhusu asilimia 15 kwa miezi 12 bila kura, na kampuni ndogo huweza kuomba asilimia 10 ya ziada kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Ajenda hiyo huonekana kama jambo la kawaida, na kwa kweli hupita karibu kila mwaka. Angalau ujue imepita. Kisha fuata fomu 3B inayotangaza toleo na 2A inayothibitisha hisa zimeingia sokoni. Hisa zikisimamishwa kuuzwa kwa siku mbili "kusubiri tangazo la kuongeza mtaji", usinunue siku ya mwisho kabla ya kusimama kwa tamaa ya habari njema. Bei ya toleo itakuwa chini ya uliyolipa.

Na kuna dhuluma ndogo ambayo mwekezaji wa Afrika Mashariki huijua akiwa amechelewa. Kampuni inapowapa wanahisa waliopo nafasi ya kununua hisa mpya kwa punguzo, mara nyingi ofa huwa kwa wenye anwani Australia na New Zealand tu. Wewe wa Mbeya, Mombasa au Muscat unapunguziwa kipande bila nafasi ya kujitetea. Njia pekee ya kujikinga ni kutotumia fedha zako zote mwanzoni, ili ununue sokoni baada ya toleo, bei ikiwa imetulia.

Maneno ya mkopo yana ngazi

Tangazo la "ufadhili wa milioni 500" linaweza kumaanisha mambo matano tofauti. Chini kabisa ni barua ya nia: mkopeshaji anasema mradi unamvutia. Juu yake ni karatasi ya masharti isiyofunga. Kisha idhini ya kamati ya mikopo. Kisha mikataba iliyosainiwa, ambayo bado ina masharti ya kutimizwa kabla fedha haijatoka. Mwisho ni fedha kutoka. Kwenye jedwali lako andika mradi uko ngazi ya ngapi, na masharti yaliyobaki ni yapi. Sharti linalokwamisha mara nyingi ni lilelile: mtaji wa wanahisa upatikane kwanza.

Arafura Rare Earths, yenye mradi wa Nolans katikati ya Australia, ni mfano mzuri wa kujifunzia. Machi 2024 serikali ya Australia ilitangaza kifurushi cha mikopo cha dola za Australia milioni 840. Magazeti yaliandika kana kwamba mgodi umepata fedha. Kilichokuwa kinakosekana ni mtaji wa wanahisa, na Januari 2025 mfuko wa serikali wa National Reconstruction Fund ukaongeza ahadi ya milioni 200 kwa hati za mkopo zinazoweza kugeuka hisa. Ukikutana na hati za namna hiyo, tafuta bei ya kugeuza na zijumlishe kwenye idadi ya hisa tangu siku hiyo.

Sherehe za kukata utepe zisikae kwenye safu ya maendeleo. Julai 2022 waziri wa biashara wa Uingereza alihudhuria uzinduzi wa ujenzi wa kiwanda cha Pensana kule Saltend, Hull. Kiwanda hakikujengwa.

Mzigo unauzwa kwa bei gani hasa

Madini adimu hayana soko la wazi kama dhahabu. Bei inayotajwa ni ya China, kwa yuani kwa tani, na huwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 13 ndani yake. Mgodi wa nje haupati kodi hiyo. Gawa kwa 1.13 kabla ya kubadilisha kuwa dola. Kampuni zinazosahau kutaja jambo hili kwenye mawasilisho si chache.

Kinacholeta fedha ni neodimiamu na praseodimiamu, za sumaku za injini za magari ya umeme na mitambo ya upepo, pamoja na kiasi kidogo cha disprosiamu na terbiamu kwenye baadhi ya miamba. Lanthanamu na seriamu ndizo nyingi, na bei yake ni ya kutupwa. Kwa hiyo ukisoma "asilimia 4.8 ya oksidi zote", yaani madini adimu yote yaliyomo mwambani, swali lifuatalo ni asilimia ngapi ya hizo oksidi ni za sumaku. Ngualla ni karibu 21.

Tufanye hesabu ya tani moja ya makinikia, yaani mwamba uliosagwa na kuchujwa, yenye asilimia 45 ya oksidi. Ni kilo 450 za oksidi. Asilimia 21 yake ni kilo 94.5 za neodimiamu na praseodimiamu. Tuchukue bei ya China ya yuani 500,000 kwa tani. Ondoa kodi: 442,478. Kwa yuani 7.2 kwa dola ni kama dola 61.5 kwa kilo. Thamani iliyomo ndani ya ile tani ni dola 5,800 hivi. Lakini makinikia hayajatenganishwa. Mnunuzi ana kazi ya kuyayeyusha kwa kemikali na kuyatenganisha, na hulipa sehemu tu ya thamani. Tukikisia asilimia 40, mgodi unapata kama dola 2,300, kisha inatoka nauli ya lori kutoka Songwe hadi bandari ya Dar es Salaam, meli, mrabaha na gharama za kuchimba. Ile asilimia anayolipa mnunuzi ndiyo namba ya kuisaka kwenye upembuzi yakinifu. Mara nyingi imefichwa kwa kisingizio cha siri ya biashara. Basi ipige kinyumenyume, kwa kugawa mapato ya tani moja yaliyokadiriwa kwa thamani iliyomo.

Kwenye mkataba wa mauzo tafuta vitu vinne: unafunga au haufungi, ni asilimia ngapi ya mzigo, ni miaka mingapi, na kama kuna bei ya chini iliyohakikishwa. Hicho cha nne ni nadra. MP Materials, yenye mgodi California, ilikipata Julai 2025 kutoka Wizara ya Ulinzi ya Marekani, dola 110 kwa kilo kwa miaka 10, na mradi wa Afrika haupaswi kuhesabiwa kana kwamba una mkataba huo. Peak kwa upande wake ilisaini na Shenghe mwaka 2023 mkataba wa kuuza makinikia yake yote kwa miaka 7 ya mwanzo. Mpango wa zamani wa kiwanda cha kusafisha Teesside, Uingereza, ulikuwa umewekwa kando. Kampuni yenye mnunuzi mmoja haina sauti kubwa mezani.

Leseni, na kilicho nyuma ya leseni

Soma akiba kando na rasilimali, yaani mwamba wote uliokadiriwa kuwepo ardhini. Ngualla ilitangaza rasilimali ya tani milioni 214.4 zenye asilimia 2.15, lakini akiba, yaani sehemu ambayo mpango wa uchimbaji umesimama juu yake, ilikuwa tani milioni 18.5 zenye asilimia 4.80. Akiba tayari imo ndani ya rasilimali, usizijumlishe.

Kwa Tanzania, mlolongo wa kufuatilia ni cheti cha mazingira cha NEMC (Baraza la Taifa la Mazingira), leseni maalumu ya uchimbaji, mkataba wa ubia na serikali, fidia ya wanakijiji, na kwa sababu miamba hii huambatana na thoriamu na urani, vibali vya Tume ya Nguvu za Atomiki. Peak iliomba leseni 2017 na ikaipata Aprili 2023, mwezi uleule iliposaini mkataba wa ubia uliozaa Mamba Minerals. Miaka yote hiyo kampuni ililipa mishahara kwa fedha za kuuza hisa mpya.

Kenya kuna kesi ya Mrima Hill, Kwale. Leseni ya kampuni ya Cortec ilitolewa 2013 na ikafutwa mwaka huohuo. Kampuni ilikwenda kwenye usuluhishi wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, na 2018 ikashindwa: baraza liliona leseni ilikuwa batili tangu mwanzo kwa kukosa kibali cha mazingira, tena ndani ya msitu unaolindwa. Burundi nako, Gakara ya Rainbow Rare Earths ilikuwa na mawe tajiri kupita kiasi, leseni, na mnunuzi wa Kijerumani. Serikali ilizuia usafirishaji Aprili 2021, na miezi michache baadaye ikasimamisha kazi yote. Kwa hiyo kwenye jedwali tenganisha leseni ya kuchimba na ruhusa ya kusafirisha nje.

Je, kazi inafanyika kweli?

Picha za setelaiti za Sentinel-2 ni za bure kwenye Copernicus Browser, mita 10 kwa kila nukta, na hupigwa kila siku tano hivi. Weka latitudo na longitudo za eneo la mradi, chagua picha za kiangazi, maana Songwe kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu ni mengi, kisha linganisha na mwaka uliopita. Barabara mpya, eneo lililosafishwa na bwawa la mabaki vinaonekana. Kampuni ikisema ujenzi wa awali "unaendelea kwa kasi" na pori liko vilevile, andika hivyo kwenye safu yako.

Kiwanda kikishakamilika, ongeza miaka. Kutenganisha madini haya ni kemia ngumu: kampuni ya Australia ya Lynas ilianza kuzalisha Malaysia 2013, na ilipita kwenye madeni mazito kabla ya kusimama, ikibebwa na subira ya wakopeshaji wa Kijapani.

Mwenye asilimia 19.9

Kwa kampuni za Australia, fomu 603, 604 na 605 hutangaza anayevuka asilimia 5, anayebadilisha kiasi, na anayetoka. Za wakurugenzi ni 3Y. Tofautisha mkurugenzi aliyenunua sokoni kwa fedha yake na aliyepewa hisa kama malipo. Fomu inasema wazi.

Sheria ya Australia humtaka anayevuka asilimia 20 kufuata taratibu za kuinunua kampuni, ndiyo maana wakubwa hukaa 19.9. Ununuzi kwa njia ya mpango unaopitia mahakamani huhitaji asilimia 75 ya kura zilizopigwa, na si wanahisa wote hupiga kura, kwa hiyo 19.9 inaweza kutosha kuzuia mshindani. Shenghe ilikuwa nayo Peak tangu 2022. Mwaka 2025 kampuni ya Marekani, General Innovation Capital Partners, ilileta ofa ya dola za Australia milioni 240. Shenghe ikapandisha yake hadi milioni 195, na Peak ikaenda kwa Shenghe. Bei kubwa peke yake haikushinda, kwa sababu mwenye kura, mwenye mkataba wa mauzo na mwenye utaalamu wa kujenga alikuwa mmoja.

Ukijikuta kwenye hali hiyo, angalia kama hisa ziko kwa jina lako au kwa jina la mtunzaji wa dalali. Zikiwa kwa mtunzaji, kura yako hupitia kwa dalali, na mwisho wake wa kupokea maagizo huwa siku kadhaa kabla ya ule ulioandikwa kwenye waraka. Mpango ukipita, hisa zinachukuliwa hata kama ulipiga kura ya hapana, na malipo huja kwa dola za Australia. Hakiki mapema kwamba akaunti yako kwa dalali inaweza kupokea sarafu hiyo bila kubadilishwa kwa kiwango chake yeye.